Igawe kwa Nane, Halafu Sema Yako

Simiyu mwanangu,

Umetoka hapa sasa hivi kwenda mtaa wa West Indies kuaga marafiki zako, na mimi najua ukisema "narudi sai" maana yake ni usiku. Kwa hiyo nina nafasi. Nimefunga mlango wa duka nusu, ili mteja ajue nipo lakini asiniulize kitu. Nimekaa, nimesimama, nimekwenda kuangalia rauta ambayo haina shida yoyote, nimerudi nikakaa tena. Baba yako amepita akaniuliza natafuta nini. Nimemwambia kalamu, na kalamu ilikuwa mkononi.

Ya sweta sitaandika, maana huko Lodwar unakoenda utatamani kuvua hata ngozi. Ya kula vizuri, ya kanisa, ya kuchagua watu wa kukaa nao, hayo shangazi yako atakuambia kesho na kuyarudia. Mimi nataka kuongea juu ya ile zahanati ya kule Ziwa. Tangu mambo yale yatokee hatujayagusa, wewe na mimi, na tunalala nyumba moja na kula ugali wa sufuria moja. Nikikuuliza kama umekula unasema "Sawa mama." Nikikuuliza kama unataka nikufulie jaketi unasema "Sawa mama," hata kama jaketi ni safi. Halafu jioni moja ukatuambia umepata kazi Lodwar, ya kuunganisha zahanati na hospitali kwa mtandao, na unaondoka. Nilifurahi, Simiyu. Nilifurahi kweli, halafu nikaingia jikoni nikaogopa. Sijui kama unaenda kwa sababu ya kazi au unaenda kwa sababu yangu. Hiyo ndiyo inayoninyima utulivu, na ndiyo sababu nakuandikia badala ya kukungoja nikuulize. Nikikuuliza kwa mdomo najua utakachojibu.

Basi wacha niseme nilivyoyaona mimi, kwa sababu nafikiri wewe uliyaona kutoka upande mwingine wa meza.

Tulikuwa tumemaliza kufunga ile laini ya zahanati ya Sista Jelagat. Umeshuka kwenye mnara, una vumbi mpaka kwenye nyusi, na mimi nimekaa na Sista pale kwenye chumba cha mashine mpya ya eksirei. Zahanati ndogo kama ile haina daktari wa kusoma picha, kwa hiyo mpango wote ulikuwa kwamba picha ipigwe Ziwa, isafiri kwa mtandao wetu, na daktari aisome akiwa mjini Eldoret. Sista akauliza swali ambalo mtu yeyote mwenye akili angeuliza.

"Sasa mama, nikituma picha, itafikia daktari baada ya muda gani? Lazima nimwambie, ndio ajue kama atangoja ama aendelee na wagonjwa wake."

Alishatuambia picha moja ni megabaiti thelathini. Laini yake ya kutuma ilikuwa megabiti nne kwa sekunde. Mimi sikuhitaji hata kufumba macho. Watu wa simu tunapima laini kwa biti, kompyuta inapima mizigo yake kwa baiti, na baiti moja ni biti nane. Nne gawa kwa nane ni nusu. Nusu megabaiti kila sekunde, picha ya thelathini, ni sekunde sitini. Nikasema, "Dakika moja."

Wewe ukasema, polepole, kwa ile sauti yako ya kuomba chumvi, "Mama, hiyo ni ya kwenye karatasi. Siku ya soko hiyo laini iko shared na maduka yote. Tumwambie nne."

Na mimi nikasema, "Simiyu, hesabu ni hesabu."

Ukasema sawa mama. Sista akachukua maneno yangu, kwa sababu mimi ndiye mwenye biashara na nywele nyeupe, na akampigia daktari kumwambia dakika moja.

Nisimame kidogo. Kuna mtu mlangoni.

Nimerudi. Ni yule kijana wa ploti ya nyuma, analalamika mtandao uko chini. Unajua huwa namwambia nini: zima, washa, subiri. Leo nimejikuta namwambia ukweli, kwamba uko chini kwa sababu wao ni wengi na bomba ni moja, na utakuwa mzuri watu wakishalala. Amesimama ananiangalia kama nimempa chenji zaidi. Halafu akasema "Haya basi, asante mama," akaenda. Hakukasirika hata kidogo. Miaka yote hii nimekuwa nikiogopa hilo jibu na kumbe ni rahisi hivyo.

Unafikiri sikujua ulichokuwa unasema pale Ziwa? Nilijua. Ni mimi niliyekueleza, ukiwa bado unavaa kaptula za shule, kwa nini nambari ya laini na nambari unayopata kwenye kompyuta hazifanani hata baada ya kugawa kwa nane. Kila kipande cha data kinabeba bahasha yake na anwani, na bahasha inakula nafasi. Vipande vingine vinapotea hewani vinatumwa upya. Redio za mnarani zinapokezana kuongea. Watu wa laini wanahesabu kilo kwa elfu moja kamili, kompyuta mara nyingi inahesabu kwa elfu moja na ishirini na nne, kwa hiyo hata pale unapunguzwa kidogo. Na juu ya hayo yote, siku ya soko duka la dawa za mifugo, hoteli, wauza simu na vijana wa kutazama mpira wote wamefungua bomba lile lile. Nilijua yote.

Lakini kujua kunakaa kichwani, na nambari inatoka mdomoni. Mimi nilifundwa kazi kwenye mtambo wa simu. Kule, ukimuunganisha mtu, sauti yake ilipewa njia yake ya kilobiti sitini na nne kwa sekunde, na njia hiyo ilikuwa yake peke yake tangu anyanyue mkono wa simu mpaka aurudishe. Akinyamaza kufikiria, njia inamngoja. Laini moja kubwa ilikuwa na njia thelathini za watu wanaoongea na mbili za mtambo wenyewe. Ukijumlisha unapata kilobiti elfu mbili arobaini na nane, ukigawa kwa nane unapata kilobaiti mia mbili hamsini na sita, kila sekunde, mvua inyeshe jua liwake. Kilichoandikwa ndicho ulichopata. Niliipenda ile kazi kwa sababu hiyo. Mambo mengine yote ya maisha yangu wakati ule hayakuwa hivyo. Mtambo ulipozimwa na sisi tukaambiwa twende nyumbani, nilibeba ile tabia nikaja nayo hapa Kapsoya, nikaiweka juu ya paa pamoja na mlingoti.

Kwa hiyo nikasema dakika moja kwa mtu ambaye hakuwa na njia yake peke yake. Kosa kama lile mtu asiyejua kugawa kwa nane hawezi kulifanya. Angesema "itafika tu," na Sista angengoja.

Maana angengoja, Simiyu. Hiyo ndiyo sehemu ninayoizunguka usiku na mchana. Siku ya soko wakamleta Mzee Birgen, ameanguka kutoka juu ya trela la mahindi, anashika ubavu. Sista akapiga picha, akaituma, akaangalia saa. Dakika moja ikapita. Ya pili ikapita, na ya tatu. Akili yake ikamwambia imekwama, kwa sababu mimi nilimwambia dakika moja, na mimi ni mtu mzima. Akaikata akaanza upya. Ikatambaa tena, akaikata tena. Mara tatu alifanya hivyo. Wewe ndiye uliyeenda jioni ukafungua kumbukumbu za rauta, na ukaona kwamba ile ya kwanza ilikuwa imebakisha kidogo tu. Angeambiwa nne, angeketi, angemshika mzee mkono, na picha ingefika.

Badala yake daktari akasema kama hakuna picha basi mleteni mjini. Wakampakia nyuma ya pikapu kwenye ile barabara iliyokuwa imechimbwa, na mbavu zimevunjika. Daktari alisema baadaye kwamba mzee alipaswa kulala tu pale pale bila kutikiswa, na kwamba ubavu ungesogea kidogo zaidi ungetoboa pafu. Sasa anatembea na ameanza kugombana na ng'ombe wake kama zamani, namshukuru Mungu. Lakini nililia. Hukuniona, nililia nikiwa nimeinama kwenye boksi la waya, na ulipoingia nikajifanya natafuta plagi.

Sista alinieleza jambo moja ambalo wewe hukunieleza. Alikuuliza jioni ile, ukiwa umepiga magoti unarekebisha mambo ili data ya zahanati iwe inapita kwanza kabla ya wengine: "Hebu niambie, ni nani hasa alisema dakika moja?" Naye alikuwa pale siku ile. Alijua vizuri. Alitaka tu kusikia utasemaje. Ukamjibu, "Ni sisi."

Sisi. Simiyu, ningependa ungesema mama. Ningependa hata ungekuja nyumbani ukabamiza mlango. Nimelelewa na watu wa kubamiza milango na najua jinsi ya kujibu. Hiyo "sisi" yako sikujua niiweke wapi, na mpaka leo inanichoma.

Na nikuambie ukweli wote, nilikukasirikia pia. Nilikukasirikia wiki nzima. Nilisema moyoni, huyu kijana alikuwa na jibu mdomoni, akalimeza, bila kumfikiria mgonjwa ambaye angekuja kuumia kwa sababu hiyo. Kwa nini hakupiga meza? Kwa nini hakumfuata Sista kando akamwambia, usimsikilize mama? Nikaendelea hivyo mpaka siku nilipokuwa naosha vyombo nikakumbuka yule mzee wa kanisa.

Labda umesahau. Ulikuwa mdogo, meno ya mbele yameng'oka. Mzee wa kanisa amekuja chai, anasimulia safari yake, akasema ukitoka Eldoret kwenda Bungoma unapita Kitale kwanza kisha unarudi Turbo. Wewe umekaa kwenye mkeka, ukasema, "Hapana, Turbo ni ya kwanza, na Kitale haiko njia hiyo." Ulikuwa sawa kabisa. Na mimi nikainama nikakufinya, pale pa ndani ya mkono ambapo panauma, na mgeni alipoondoka nikakuambia mtoto hapingi wakubwa. Ukauliza, "Hata kama wamekosea?" Nikasema hata kama. Hukulia. Ukasema sawa mama.

Sikukufundisha hivyo kwa ubaya. Nilikuwa nimetoka kufundishwa mimi mwenyewe. Nilipokuwa mgeni kazini, msimamizi wetu alisoma kipimo cha laini moja akasema ni nzima, na mimi nikaona si nzima, nikasema mbele ya kikosi chote. Laini ilikuwa mbovu, kila mtu akaona. Wiki iliyofuata nikatolewa ndani ya mtambo nikapewa mkanda wa kupandia nguzo. Msimu mzima wa mvua nilikuwa juu ya nguzo nimevaa suruali ya baba yako, wapita njia wanasimama kutazama mwanamke amekwama juu, na wengine wananiuliza kama nimemwona kuku wao. Nacheka sasa. Wakati ule sikucheka. Nikajiambia mtoto wangu nitamlea ajue kunyamaza, asije akapandishwa nguzo. Na nilipopata biashara yangu mwenyewe, nikawa mimi ndiye msimamizi, na hata sikuona nimegeuka lini.

Nimesimama tena. Nimeenda juu ya paa kuangalia mlingoti. Hauna kitu. Kumeanza baridi na kutoka kule juu naona taa za mjini, na nimejaribu kukisia nyumba uliyomo, upuuzi mtupu.

Huko unakoenda utakuta watu wa aina yangu wengi, tena wenye ofisi na gari la kazi. Atakuja mtu kwenye mkutano na karatasi nzuri, atachukua nambari ya laini aliyouziwa, ataigawa kwa nane, ataishia hapo, na ataahidi zahanati fulani kwamba picha itafika kwa muda fulani. Kila mtu ataitikia kwa kichwa. Wewe utakuwa umekaa mwisho wa meza kwa sababu ni mgeni, na utakuwa umeshapanda ule mnara, na utajua. Ukimeza, hakuna pikapu ya jirani huko. Kutoka zahanati moja hadi hospitali ni mwendo wa mchanga mtupu. Hilo ndilo ninaloogopa, kuliko joto na kuliko barabara. Naogopa utakuwa na adabu.

Ningekuwa na maneno ya kukufundisha jinsi ya kumpinga mtu mkubwa bila kumvunjia heshima, ningeyaandika hapa. Sina. Mimi nilijua njia mbili tu, kupayuka na kunyamaza, na zote mbili umeona zilinifikisha wapi. Wewe una ile sauti ya kuomba chumvi. Labda hiyo ndiyo inayofaa, mradi usiache kuomba mpaka chumvi ifike. Sijui. Utanifundisha wewe.

Lakini tusingoje Lodwar. Tuanzie hapa nyumbani, kesho, kabla gari halijaja.

Kesho asubuhi wanakuja kukuombea safari. Pasta atakuja, baba yako mdogo ameshafika kutoka Bungoma na amelala kwa shangazi, na Sista Jelagat atashuka kutoka Ziwa na mursik yake, maana anasema huwezi kwenda mbali bila maziwa ya kwao tumboni. Alinipigia mchana. Zahanati imenunua mashine ya kuangalia mtoto tumboni mwa mama mjamzito, ile inayotoa picha zinazotembea. Filamu moja fupi ni megabaiti mia moja na ishirini. Laini yake tumeiongeza imekuwa megabiti nane. Akauliza, "Sasa hii itachukua muda gani, mama?"

Ulimi wangu ulikuwa umeshagawa, Simiyu. Nane gawa kwa nane ni moja, mia na ishirini ni sekunde mia na ishirini, dakika mbili. Jibu lilikuwa limefika kwenye meno. Nikamwambia tutamjibu kesho tukinywa chai.

Kwa hiyo atauliza, mbele ya wote, chai ikiwa bado ya moto. Na mimi nitajibu kwanza kwa sababu ndivyo nilivyo, sitaweza kujizuia, na pia kwa sababu nataka iwe hivyo. Nitasema dakika mbili, na nitasema kwa sauti. Sitakusaidia. Shangazi yako atakutolea macho, pasta atakohoa, baba yako mdogo ataweka kikombe chini. Wewe umeipima ile laini siku ya soko na siku isiyo ya soko. Mimi sijaipima. Sema nambari yako, na kama nitasema hesabu ni hesabu, sema tena, mpaka Sista akuelekee wewe na kukuuliza wewe.

Nitanuna. Usidanganyike na barua hii, pale mezani nitanuna kweli, uso utanishuka mbele ya wageni na sitaweza kuuzuia. Uniache ninune. Kuna wajawazito huko Ziwa watakaolala kwenye kile kitanda wakingoja jibu la daktari, na wanahitaji dakika zako, si zangu. Na kama baada ya kunipinga mbele ya ukoo mzima bado utakuja mlangoni kunipa mkono, nitajua unaenda Lodwar kufanya kazi, na hukimbii mtu.

Mama yako.